Bukta ya mpira haikufikishi Kisarawe

MACHI 2018 Luis Enrique hakuwa na timu. Alikuwa ameondoka Barcelona katikati ya mwaka uliotangulia, taji la Ligi ya Mabingwa la 2015 likiwa kwenye wasifu wake, na kazi ya timu ya taifa ya Hispania ilikuwa bado miezi michache mbele. Makocha wengi wakiwa katika hali hiyo utawaona kwenye televisheni wakichambua mechi za wenzao. Yeye alikwenda Afrika Kusini kuendesha baiskeli kwenye Cape Epic, mbio za milimani za siku nane ambazo watu hushindana wawili wawili, zaidi ya kilomita 600 za mawe, mchanga na miinuko.

Mashabiki wa sasa wanamjua zaidi kama kocha aliyeifumua Inter mabao 5-0 akiwa na PSG kwenye fainali ya Munich, Mei 2025. Lakini tangu alipotundika daluga mwaka 2004 jamaa hajawahi kutulia. Mwaka 2007 alimaliza Ironman ya Frankfurt, mwaka uliofuata akakimbia Marathon des Sables kwenye jangwa la Morocco, kisha baiskeli ikamkolea.

Si yeye peke yake aliyevuka upande huo. Remco Evenepoel, Mbelgiji aliyebeba dhahabu mbili za baiskeli kwenye Olimpiki ya Paris 2024, alikuwa mtoto wa akademi za Anderlecht na PSV na aliichezea Ubelgiji timu za vijana kabla ya kuhama mchezo mwaka 2017.

Mtu wa mpira anapohamia kwenye baiskeli huwa anakuja na mtaji. Mapafu anayo, mapaja anayo, roho ya kupambana anayo. Kinachomwangusha ni kitu ambacho uwanjani hakijawahi kumpa shida hata siku moja: bukta.

BEKI WA KUSHOTO NA SAFARI YA KISARAWE

Mchukulie beki wa kushoto wa mechi za ndondo pale Dar es Salaam. Ana miaka 29, goti la kulia limeanza kugoma, na daktari amemshauri apunguze kukimbia na aendeshe baiskeli, kwa sababu kwenye baiskeli goti linafanya kazi bila kubeba uzito wote wa mwili. Amejichanga, amepata baiskeli ya mtumba yenye gia na matairi mapana. Marafiki wamemwingiza kwenye kundi la Jumamosi alfajiri: wanatoka Gongo la Mboto, wanapanda Pugu, wanaacha lami na kuingia njia za vumbi za kandokando ya msitu kuelekea Kisarawe.

Anavaa alichonacho. Bukta ya timu, na ndani boksa ya pamba.

Kilomita za mwanzo yuko mbele, anawatania wenzake waliovaa zile bukta nyeusi za kubana kama waogeleaji. Baada ya saa moja utani umepungua. Saa ya pili anaendesha akiwa amesimama juu ya pedali hata kwenye tambarare. Saa ya tatu anaisukuma baiskeli kwa mkono, na si kwa sababu ya pumzi wala goti. Jumapili anaangalia dabi ya Kariakoo kibandaumiza akiwa amesimama dakika zote 90, watu wanadhani ni presha ya mechi.

Jumatatu baiskeli inatangazwa kuuzwa kwenye kundi la WhatsApp. Na goti linabaki bila tiba.

Hiyo ndiyo hasara yenyewe. Baiskeli nyingi zinalala stoo kwa sababu ya siku ya kwanza kama hii. Mtu anaamini kwamba mchezo wenyewe ndiyo ulivyo, kwamba lazima uumie, wakati tatizo lilikuwa ni kipande cha nguo ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya baiskeli yenyewe.

KINACHOTOKEA HUKO CHINI

Bukta ya mpira imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekimbia. Ni pana ili hewa ipite, na vipande vyake vinne vya kitambaa hukutana katikati, chini ya mapaja. Kwa mkimbiaji sehemu hiyo haigusi kitu. Kwa mtu wa baiskeli, pale mishono inapokutana ndipo hasa anapokalia. Ongeza mishono ya boksa chini yake, ongeza jasho ambalo pamba inalinyonya na kukaa nalo, halafu fanya hesabu. Mwendeshaji wa kawaida huzungusha pedali kama mara 85 kwa dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya mara 5,000. Kwa safari ya saa nne, kila paja limejisugua kwenye mshono ule mara 20,000 na zaidi. Hata kiatu kipya kinachobana kisigino hakifikii adhabu hiyo.

Hilo ni la msuguano. Lipo na la mgandamizo, ambalo ni zito zaidi.

Binadamu akikaa, uzito wake unatakiwa ubebwe na mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Mtu yeyote anaweza kuihisi akikalia ngazi ya saruji. Katikati ya mifupa hiyo, kuelekea mbele, inapita mishipa ya fahamu na ya damu inayohudumia sehemu za siri. Siti ya baiskeli ikiwa mbovu au nguo ikiwa imejikunja, uzito unahama kutoka kwenye mifupa na kuangukia kwenye mishipa. Matokeo yake ni ganzi. Vijana wengi wanaichukulia kama jambo la kuchekesha la kusimuliana baada ya safari. Si la kuchekesha. Ganzi ni mwamuzi aliyeshapuliza filimbi: simama kwenye pedali, damu ipite, na ukifika nyumbani rekebisha siti au nguo. Inayoendelea baada ya kushuka kwenye baiskeli, safari baada ya safari, hiyo ni ya kumpelekea daktari.

Bukta ya baiskeli ipo kwa ajili ya mambo hayo mawili tu. Inakamata ngozi ya paja ili kinachosugua siti kiwe kitambaa na ngozi ipone. Na inaweka sponji pale mifupa miwili inapotua.

'MBONA BABU ZETU WALIENDESHA?'

Swali hili halikosekani kijiweni, na ni swali la haki. Kule Shinyanga, Tabora na Mwanza kuna wazee ambao wamepiga Phoenix na Avon maisha yao yote, na gunia la mkaa nyuma, wakiwa wamevaa suruali ya kitambaa. Hakuna aliyewahi kuvaa sponji.

Jibu liko kwenye baiskeli yenyewe. Phoenix ina siti pana yenye springi chini, na usukani wake umeinuka. Mzee anakaa wima kama amekaa kwenye kiti cha sebuleni, uzito wote uko nyuma kwenye mifupa, springi zinakula mashimo, na mwendo ni wa kistaarabu. Baiskeli za siku hizi za changarawe na za milimani zina siti nyembamba na ngumu, usukani uko chini, mwili umelala mbele. Anayependa kuendesha kwa suruali ya kitambaa anaruhusiwa, ila achukue na Phoenix.

Hata huko kwa wazungu hawakuanza na hizi za kubana. Bukta za zamani za mbio zilikuwa za sufi, na ndani yake ilishonwa ngozi laini ya mbuzi wa milima ya Ulaya anayeitwa chamois. Ndiyo maana mpaka leo wazungu wanaliita sponji hilo kwa jina la mnyama, ingawa mnyama mwenyewe hayumo tena. Ngozi ile ikifuliwa na kukauka ilikuwa inakakamaa, hivyo waendeshaji waliipaka mafuta kabla ya kuvaa. Lycra, kitambaa kinachovutika, kilivumbuliwa Marekani mwaka 1958, na baadaye ndicho kilichobadilisha sura ya mchezo mzima.

SPONJI NENE SIYO SPONJI NZURI

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Mteja anaingia dukani, anashika bukta mbili, anaminya, anachukua ile yenye sponji nene laini kama mto. Anaona amefanya akili.

Sponji laini ni kama godoro la bei poa. Siku ya kwanza raha, baada ya muda unalalia chaga. Ukilikalia, linadidimia pale penye mifupa, halafu linajivimbisha katikati, palepale penye mishipa ambayo ilitakiwa kuachwa ipumue. Kinachotakiwa ni sponji iliyoshiba, ambayo inabonyea kidogo na kurudi. Kipimo cha dukani ni rahisi: libane kati ya kidole gumba na cha shahada, sehemu ile ya nyuma ya makalio. Vidole vikikutana kirahisi, liache. Vikikataa, angalia sasa kingo zake. Sponji nzuri inakuwa nene chini ya mifupa na inapungua taratibu kuelekea pembeni mpaka inaisha. Ile iliyokatwa wima kama kipande cha mkate, kingo zake ndizo zitakazokuchana pajani.

Pitisha mkono ndani. Upande unaogusa ngozi usiwe na mshono unaokatisha katikati. Mishono mingine ya mapajani iwe imelazwa bapa, isiyosimama. Kama kidole kinauhisi mshono dukani, baada ya saa tatu paja litauhisi kama wembe.

Halafu kuna suala la kuijaribu. Mtu anaivaa, anasimama mbele ya kioo, anaona inamvuta mabegani au nyuma imebana, anaomba saizi kubwa. Kosa. Bukta ya baiskeli haikushonwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Iname kama kipa anayesubiri penalti, mikono mbele, magoti yamekunjwa. Hapo ndipo unaipima. Ikiwa kwenye mkao huo sponji limegusa mwili pote na halining'inii, hiyo ni yako. Ikibaki nafasi kati ya mwili na sponji, litatembea, na sponji linalotembea ni baya kuliko kutokuwa nalo.

Na sasa lile ambalo wauzaji wengi wanaona aibu kulisema: ndani ya bukta hiyo havaliwi kitu. Hakuna boksa, hakuna chupi, hakuna taiti. Sponji linagusa ngozi moja kwa moja, kazi yake yote iko hapo. Anayevaa nguo ya ndani amenunua bukta ya gharama halafu akairudisha mishono ileile aliyoikimbia.

CHANGARAWE NA MLIMA NI LIGI MBILI TOFAUTI

Watu wanazichanganya kwa sababu zote ni za nje ya lami. Lakini mwili unafanya kazi tofauti kabisa, na nguo inafuata mwili.

Kwenye changarawe mtu anakaa. Anakaa saa nyingi, mkao mmoja, huku barabara ikimtetemesha. Anayeijua barabara ya vumbi iliyopitwa na malori msimu wa kiangazi anaelewa: vile vimawimbi vidogo vidogo vilivyojipanga mwanzo mwisho, kama vile mtu amemwaga rasta kilomita nzima. Kila kimawimbi kinapiga palepale. Mbio kubwa za aina hii duniani ni Unbound ya Kansas, Marekani, ambako umbali wa heshima ni maili 200, yaani takriban kilomita 320, kwa siku moja. Hapa jirani ipo Migration Gravel Race, iliyoanza mwaka 2021 kwenye ardhi ya Maasai Mara nchini Kenya, siku nne mfululizo na jumla ya kilomita zipatazo 650. Ndiyo mbio zilizozaliwa na mradi wa timu ya Amani, ile ya waendeshaji wa Afrika Mashariki ambayo nahodha wake, Mkenya Suleiman Kangangi, alifariki kwa ajali mbioni huko Vermont, Marekani, Agosti 2022.

Kwenye mbio za siku nne kidonda cha makalio ni sawa na kuchanika nyama za paja dakika ya kumi, tena bila mchezaji wa akiba. Siku ya kwanza ni wekundu tu. Siku ya pili unaendesha umekaa upande. Siku ya tatu miguu ina nguvu zote na mwenye miguu hawezi kukaa.

Kwa changarawe, basi, chaguo la kwanza ni bukta ya kubana yenye mikanda ya mabegani, inayofanana na ovaroli iliyokatwa. Ile mikanda inachekesha ukiiona imeanikwa, lakini faida yake ni kubwa. Hakuna lastiki ya kiunoni inayokata tumbo pale mtu anapoinama saa tano, na sponji haliteremki hata likilowa jasho. Siku hizi nyingi za changarawe zina mifuko ya wavu pembeni mwa mapaja, unatia simu na ndizi mbili. Simu yenyewe ikae upande ambao huna mazoea ya kuangukia.

Ubaya wake mmoja ni wakati wa kuchimba dawa. Mwanaume atajitahidi kuivuta mbele akamaliza. Mwanamke inabidi avue jezi kwanza, porini, na watu wanapita. Kampuni kadhaa sasa zinatengeneza za wanawake ambazo nyuma zinafunguka au zinavutika bila kuvua mikanda, na hicho ni kitu cha kuuliza kabla ya kulipa.

Mlimani mambo yanageuka. Hapo mtu hakai sana. Kwenye njia za Lushoto au zile za migombani huko Marangu, anapanda akiwa ameketi, lakini akianza kushuka anasimama kwenye pedali, anarudisha makalio nyuma ya siti, anahama kushoto na kulia. Adui ni mawe, miiba, matawi, na ile ncha ya mbele ya siti. Bukta pana yenye sehemu ya katikati iliyoning'inia itanasa kwenye ncha hiyo wakati mtu anajaribu kurudi mbele, na atajikuta amefungwa kwenye baiskeli sekunde ileile aliyohitaji kuwa huru. Si mchezo.

Ndiyo maana waendeshaji wa mlimani hupendelea vipande viwili: ndani bukta nyepesi ya kubana yenye sponji jembamba, na juu yake kaptula ngumu isiyochanika upesi, iliyokatwa juu katikati isiyoning'inia, inayofika kwenye goti. Urefu huo una sababu. Anayevaa kinga ya goti asiwe na pengo la ngozi tupu kati ya kinga na kaptula, kwa sababu ukianguka kwenye kokoto, hapo kwenye pengo ndipo utakapoacha ngozi. Kiuno kiwe na vifungo vya kurekebisha pembeni, na kitambaa cha nyuma kiwe kimeinuka kidogo ili mgongo usibaki wazi mtu akiinama.

Mabingwa nao wamegawanyika hivyohivyo. Kwenye mbio za milimani za Olimpiki, zilizoanza Atlanta 1996, wote wanabana kwa sababu wanapanda na kushuka kwa muda mrefu na kila sekunde ina thamani. Kwenye zile za kushuka tu, shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, limekataza kabisa mavazi ya lycra ya kubana. Sheria inawataka wavae nguo pana. Kwa hiyo yule kijana anayesema wanaume wa kweli hawavai za kubana, na yule anayesema wataalamu wote wanabana, wote wawili wana nusu ya ukweli.

AIBU

Lipo jambo ambalo maduka hayaliandiki kwenye lebo. Watu wengi wanaona haya. Beki wetu wa kushoto yuko radhi aumie kuliko apite mtaani kwake na bukta ya kubana akaitwa majina na watoto. Kwa dada zetu ni zaidi ya utani. Mwanamke akipita Tandika au Vingunguti na lycra tupu atasikia maneno njia nzima, na wapo walioacha mchezo kwa hilo.

Suluhisho lipo na ni lile la mlimani: sponji ndani, kaptula pana juu. Kwa changarawe unapoteza kidogo, joto linaongezeka na upepo unakushika, lakini kwa mtu asiyeshindana hiyo si hoja. Kwa wanaojisitiri zaidi zipo taiti ndefu mpaka kifundo zenye sponji, na juu yake inavaliwa suruali nyepesi ya michezo, mguu wa upande wa mnyororo ukibanwa na lastiki usiingie kwenye meno ya gia.

Jambo la kutopuuza ni kwamba sponji za wanaume na za wanawake si kitu kimoja. Mifupa ile miwili kwa wanawake wengi imeachana zaidi, kwa hiyo sponji lao ni pana nyuma na limekatwa tofauti mbele. Mwanamke anayerithi bukta ya kaka yake amerithi maumivu ya kaka yake, tena bila faida yoyote.

MITUMBA

Tuongee ukweli, wengi hawataingia dukani. Wataenda Karume. Na huko bukta za baiskeli zipo, zimechanganywa na taiti za mazoezi, mara nyingine muuzaji mwenyewe hajui ameshika nini.

Kwa kaptula ya juu, mtumba ni dili. Kagua zipu, vifungo na mshono wa katikati, lipa, nenda. Kwa ile ya ndani yenye sponji inabidi uwe mkali kama VAR. Iinue kwenye mwanga, upande wa nyuma. Ukiona vidole vyako kupitia kitambaa, na watakaokuwa nyuma yako wataona zaidi. Ivute kisha iachie: lycra iliyokufa hairudi, na bukta isiyorudi haikamati sponji. Minya sponji sehemu mbalimbali. Likiwa limeganda kama kadibodi, au limegawanyika vipande vinavyotembea ndani, hata kwa bei ya soda usichukue. Na kuna suala la usafi ambalo halihitaji maelezo marefu, kwa kuwa mwenye nguo wa kwanza aliivaa bila kitu ndani. Kuichemsha ili kuua vijidudu hakusaidii, moto unaua lycra na sponji pia. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu kipya basi anunue hiki, mengine yote yatoke Karume.

Fundi cherehani naye ana mipaka yake. Anaweza kupunguza kaptula ya juu vizuri tu. Lakini ile kazi ya kutoa sponji kwenye bukta iliyochakaa na kulishonea kwenye taiti ya kawaida huleta mshono mnene palepale usipotakiwa.

KUIPAKA, KUIFUA, KUIVUA

Safari ya zaidi ya saa mbili, waendeshaji wengi hupaka krimu maalumu kwenye ngozi na kwenye sponji ili visisuguane. Mafuta ya mgando hufanya kazi hiyo pia, ila hugoma kutoka kwenye kitambaa wakati wa kufua na huziba matundu ya kupitisha jasho. Tahadhari moja kwa watu wa mpira waliozoea kujichua na dawa ya moto kabla ya mechi: nawa mikono kwa sabuni kabla hujaipandisha bukta. Asiyesikia hili litamkuta kilomita ya tatu.

Bukta inafuliwa kila inapovaliwa, ikiwa imegeuzwa nje ndani, kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo ya moto, bila vile vilainisha nguo vyenye harufu. Inaanikwa kivulini sponji likitazama hewa. Na inavuliwa mara tu safari inapoisha. Ile tabia ya kumaliza mazoezi kisha kukaa kijiweni saa mbili na jezi yenye jasho mkijadili usajili, kwenye baiskeli ndiyo inayozaa majipu.

Rangi chagua nyeusi. Anayetaka nyeupe asubiri mvua ya kwanza.

MECHI YA KIRAFIKI KWANZA

Hakuna mchezaji anayevaa kiatu kipya siku ya fainali. Bukta mpya nayo ipewe mechi ya kirafiki, saa mbili za vumbi karibu na nyumbani, siti ikiwa imeshapangwa. Siti ikiwa juu mno, nyonga zinacheza kushoto kulia kila pedali inapozunguka, na hapo hata bukta ya bei mbaya itachapwa. Ukiwa umekaa, kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama. Siti yenyewe iwe tambarare.

Ukirudi, kabla ya kuoga, chukua kioo. Wekundu wa duara mbili chini ya makalio ni kawaida kwa wiki za mwanzo, mwili unazoea. Wekundu wa mstari ndani ya paja ni mshono au kingo ya sponji, au saizi imezidi. Wekundu wa mbele, au ganzi, unaonyesha ncha ya siti imeinuka au sponji linajikunja, ishushe kidogo ujaribu tena. Wekundu wa upande mmoja tu mara nyingi ni siti iliyopinda au mguu mmoja unaofika mbali kuliko mwingine, na kwa beki mwenye goti bovu huo ndio wa kumwonyesha daktari wake wakionana tena.